Pointi Moja ya Deolinda

Kwa miaka ishirini na sita Deolinda Bettencourt aliwahudumia wazee majumbani mwao katika mji wa Tulare, akitoka nyumba hii kwenda ile kwa kigari chake cheupe. Kosa lake la barabarani lilikuwa moja tu: mwaka uliopita alipita taa nyekundu akimkimbilia mama yake aliyekuwa ameanguka bafuni. Alilipa faini, akasoma mtandaoni kozi ya madereva iitwayo shule ya trafiki, akafaulu mtihani, na kosa likafichwa kwenye rekodi yake, hata kampuni ya bima haikuliona.

Mwezi wa Mei, yeye na mdogo wake Natália walikamatwa kwa mwendo kasi ndani ya wiki moja, kwenye barabara ileile inayopita mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Natália akaruhusiwa kwenda shule ya trafiki. Deolinda akanyimwa, kwa kuwa ilikuwa haijatimia miezi kumi na minane inayotakiwa na sheria tangu aitumie nafasi hiyo. Akaandikiwa pointi moja ya kosa kwenye rekodi yake ya udereva, na bima ikapanda.

Hakuumia sana na bima. Kilichomchoma ni Natália. Siku mama alipoanguka, Natália alikuwa ufukweni Pismo na mumewe. Alipiga simu tu, akaendelea kuota jua. Sasa rekodi yake ingebaki safi kama shuka la altareni.

Jioni moja Natália alimletea barua ya mahakama.

"Dada, wewe ulishayapitia haya. Mwisho wa kumaliza masomo ni lini?"

Tarehe kumi na nane Agosti, ilikuwa imeandikwa wazi. Deolinda akaitazama, akairudisha.

"Ishirini na nane. Una muda, usijisumbue."

Usiku huo alilala vizuri. Baadaye, kadiri siku zilivyokwenda, tarehe ile ikaanza kumrudia kichwani. Akiwafunga wazee vifungo vya mashati, alijiona akihesabu siku. Tarehe kumi na saba alishika simu mara tatu na kuiweka mezani.

Siku yenyewe alimkuta Natália jikoni kwa mama yao, akimenya viazi vya supu. Deolinda hakuketi.

"Natália, ile tarehe nilikudanganya. Mwisho ni leo. Washa kompyuta, nitakaa nawe mpaka umalize."

Natália hakuinua uso. "Nilimaliza wiki mbili zilizopita. Barua ilikuwa yangu, Dada. Niliisoma."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kuona kama utasema."

Mama akauliza kutoka sebuleni wanazozania nini. Natália akamjibu kwamba wanabishana kuhusu chumvi.

Deolinda akachukua kisu, akaanza kumenya naye. Aibu ilimwasha masikio. Natália angeweza kumwaibisha mbele ya mama, lakini hakufanya hivyo. Na Deolinda, huku akikata viazi, akajikuta akimwonea wivu hata kwa hilo.