Sauti ya Baba Kwenye Diski Inayopotea

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyorudi nyumbani kabla ya wakati na kumkuta mama amepiga magoti mbele ya mashine. Lakini nikianzia hapo utachanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa kijana, naishi Wembley, nafanya kazi kwenye uwanja wa mpira kwa zamu. Baba alikuwa amefariki Tanga, nikamleta mama akae nami. Sasa baba hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa akinirekodia sauti kwenye simu, ndefu kweli, anaeleza habari za mvua, ugomvi wa majirani na goti lake linalouma. Simu yangu ilipoanza kuchoka, sauti zote nikazihamishia kwenye seva niliyoiunda kutokana na kompyuta kuukuu, nikaiweka sebuleni. Ilikuwa na diski kubwa za kuhifadhia vitu, na diski moja ndogo ya SSD, yenye kasi, ambako faili hufikia kwanza kabla ya kupelekwa kwenye zile kubwa. Sauti za baba niliziacha palepale kwenye ile ndogo, ili mama akibonyeza zianze mara moja. Kila asubuhi, akishakunywa chai, mama alimsikiliza mumewe. Baadaye ile simu ikafa kabisa, nikanunua nyingine. Kwa hiyo baba alibaki mahali pamoja tu, na mimi wala sikulifikiria hilo.

Basi siku moja mama akanipigia nikiwa kazini. "Baba yako leo amekataa kusema."

Niliporudi nikafungua ukurasa wa seva, nikakuta maandishi mekundu yamejaa. Diski ndogo imeshindwa kusoma, imeshindwa kuandika, kisha haionekani tena. Nikaondoa kitambaa cha kufuma ambacho mama alikiweka juu ya mashine (kwetu hata redio haikai bila kitambaa), nikaizima, nikafungua ubavu wake, nikakandamiza kebo, nikawasha. Diski ikarudi, nzima kabisa! Nikajiona fundi. Kesho yake mchana simu ikalia tena. Baba amenyamaza.

Nikabadilisha kebo. Jioni ikafanya kazi, mchana ikagoma. Nikaihamishia kwenye soketi nyingine ya umeme, ikawa vilevile. Nikasasisha programu, nikamshukuru Mungu, na kesho yake nikaaibika. Kila dawa niliyoijaribu iliponya jioni na kushindwa mchana, wala sikuelewa diski inajuaje kwamba mimi nimetoka. Nilifika mahali pa kuogopa kuaga nyumbani kwangu mwenyewe.

Nikamweleza Otieno, Mkenya tuliyekuwa naye zamu moja. Hakusita. "Hiyo SSD imekufa, bro. Order ingine, hii story iishe." Kwenye mtandao, mtu mmoja akasema ni umeme, mwingine akasema ni ubao wa kompyuta, wa tatu akaniambia nifute diski yote nianze upya. Huyo wa tatu karibu nimsikilize. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, mwanangu, nikasikia mama anakohoa jikoni, nikakumbuka ndani kuna nani.

Najua unachotaka kuniuliza. Jioni diski ilipokuwa nzima, kwa nini sikuzinakili sauti kwanza? Nilikuwa nimeshikwa na hamu ya kujua ugonjwa, nikamsahau mgonjwa.

Ndipo ikaja siku ile. Mechi iliahirishwa, tukaruhusiwa mapema. Nafungua mlango, namkuta mama amepiga magoti, anaizungushia mashine kanga. Kanga ya kwanza, ya pili, kisha skafu yangu ya sufu, na juu kabisa kile kitambaa. Nikaweka mkono. Ilikuwa inaunguza.

"Mama, unafanya nini?"

Alishtuka, akashika ukingo wa meza. "Ukitoka nyumba inakuwa baridi. Baba yako baridi haiwezi, hata ya Lushoto ilimshinda. Nimemfunika kidogo tu. Ukikaribia kurudi huwa nazitoa, maana najua utanicheka."

"Lakini mama, si ungeniambia!"

"Umewauliza wa kazini, umewauliza wa huko kwenye kompyuta. Mimi ninayeshinda nayo mchana kutwa, umeniuliza nini?"

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Nilitaka kucheka, kicheko nacho hakikuja. Nilimsaidia kuinuka, nikazifungua zile kanga moja baada ya nyingine, na safari hii sikugusa kebo wala programu. Niliiacha ipoe, maana kumbe ni joto lililokuwa likiizima diski, nikanakili kila kitu kwenye diski kubwa na nyingine pembeni. Sauti zote zilitoka salama isipokuwa ile ya mwisho. Ilikatika katikati, baba anasema, "Na jambo jingine nililotaka kukwambia..." kisha kimya.

Tulikuwa tumeisikia yote zamani, mimi na mama. Mama akasema alimalizia na habari za paa la jiko. Mimi nikasema hapana, zilikuwa salamu za shangazi. Tukabishana, tukacheka, kisha mama akalia, nami nikakaa naye pale sakafuni. Mpaka leo sijui baba alitaka kuniambia nini.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, wewe unayejua mashine hizi kunishinda: kitu kikianza kuharibika, okoa kwanza kilichomo, sababu utaitafuta baadaye. Jaribu jambo moja kwa wakati, usijisifu jioni kabla mchana haujapita. Na kabla hujawauliza watu wa mbali, kaa na yule anayeshinda na kitu hicho, umuulize bila kumcheka, hata kama hajui jina lake.

Mwenyezi Mungu akupe subira, akulindie mikono yako, akuepushe na hasara isiyorudishika. Na wazee wako wakianza kukuambia jambo, akujalie uwepo mpaka walimalize.