Jina Fupi la Wifi

Tarehe 9 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna.

Katika chumba cha kumbukumbu za redio, Mama Amri alikuwa akiichapa kwenye kompyuta ile amri yake ndefu ya kuhamishia vipindi vya jana ghalani. Alikuwa nayo kichwani yote, nukta na mikwaju, na jina la utani alilipatia hapo. Meza ya pili aliketi wifi yake, mke wa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Wifi aligusa vitufe kidogo tu, akajinyoosha. Amemaliza.

"Mama Amri, wewe bado unaandika barua?" mkuu wa kituo akatania kutoka mlangoni. Alikuwa akitafuta msimamizi wa chumba hicho, na macho yake yalikuwa kwa wifi.

Mama Amri alicheka kwa meno tu. Rohoni moto unawaka.

Akachungulia kioo cha wifi mpaka akajua siri: unaipa amri ndefu jina fupi. Akaliandika lake, likatii. Akafunga dirisha la amri kwenye kioo, akaenda kumwita mkuu kwa madaha. Aliporudi akafungua dirisha jipya, akaandika lile jina. Mashine ikasema hailijui.

"Mara barua, mara simu ya upepo isiyofika," mkuu akacheka, akaenda zake.

"Umenichezea," Mama Amri akamgeukia wifi.

"Mimi tena? Jina umelinong'onezea dirisha moja, wifi yangu. Umelifunga, limeondoka nalo. Liandike kwenye faili ambalo kila dirisha hulisoma likifunguka. Sogea uone langu."

Akalifungua. Jina fupi la ile amri ndefu lilikuwa "wifi".

"Mbona mimi?"

"Si wewe uliyenifundisha amri hii? Mkuu aliliona, akadhani natafuta mtandao."

Safari hii Mama Amri alicheka kweli. Lakini kijicho hakikutoka. Kilisogea tu, kikampisha wifi naye akae.

Kesho yake asubuhi alimtangulia wifi kazini. Akafungua faili lake mwenyewe, akaandika mstari ule ule, ila jina akalikata likabaki "w". Akafungua dirisha jipya, likatii. Akalifunga, akafungua jingine, likatii. Kisha akaketi kuwasubiri mkuu na wifi, kidole kimoja juu ya kitufe.