Mchezo Uliotungwa Bila Latifu

Msimu wa korosho uliofuata zile mvua za El Nino, Latifu mwana wa Mwinyijuma alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na binamu yake Hamidu alikuwa na kumi. Mikorosho ya upande wa Maneromango, huko Kisarawe, ilizaa mwaka ule kwa namna ambayo watu waliizungumzia kwa muda mrefu, na watoto walishinda mashambani wakiokota. Walipopumzika, binamu hao wawili walikwenda kwenye mchanga nyuma ya ghala, na hapo ndipo ulipozaliwa mchezo wao.

Hamidu alikuwa na mkono wa kuchora. Kwa kijiti alichora mito, ngome na mapango wanamoishi majini. Latifu alikuwa na kichwa cha sheria. Kila korosho ilikuwa shujaa mwenye jina lake. Aliyevuka mto bila kumwomba ruhusa jini wa mto alirudi nyuma hatua saba. Aliyevunja ahadi hakuuziwa silaha tena katika mji wowote. Na aliyekufa, alikufa: korosho yake ilichomwa motoni, ikaliwa. Siku alipokufa shujaa wake mpendwa, Hamidu aliila korosho ile huku machozi yanamtoka, na kesho yake alikuwa wa kwanza kufika mchangani.

Miaka ilikwenda kama iendavyo. Hamidu alisoma, akafika chuo, akajifunza kazi ya kompyuta. Latifu aliishia kidato cha nne, akawa fundi simu mwenye kibanda chake Kongowe ya Kibaha, mtu mpole na mwaminifu ambaye wateja walimwachia simu zao bila wasiwasi. Mwaka juzi ikavuma habari kwamba Hamidu na wenzake wawili, katika chumba walichopanga Mbwawa, hukohuko Kibaha, wametengeneza mchezo wa kuchezwa kwenye simu, wenye mashujaa, wafalme na majini, uitwao Himaya ya Ukungu. Latifu alizipata habari hizo redioni, kama mtu baki. Hilo lilimchoma kuliko mengine yote.

Kwa siku nne aliucheza mchezo ule kibandani, simu za watu zikiwa zimefunguliwa vifuniko mbele yake zinamsubiri. Alitamani uwe mbaya. Tena alitamani uwe mzuri, kwa kuwa alijua ulikotoka. Picha zilimnyamazisha: mto ni ule ule, ngome ni zile zile, hata pango lenye midomo miwili lilikuwamo. Alizitazama kama mtu anayemwona mchumba wake wa zamani amependeza kwenye harusi ya mwingine. Lakini kadiri alivyoendelea kucheza, ndivyo alivyoona kwamba ndani ya uzuri ule hamna kitu. Alivuka mto bila ruhusa, jini akamtazama tu. Alimdanganya mfalme, na mfalme akampa upanga. Alisikitika kwa dhati, na chini ya sikitiko hilo palikuwa na furaha ndogo chungu ambayo aliionea haya.

Mwezi uleule dada yake Hamidu, Zuwena, aliolewa huko kwao Kisarawe. Baada ya nikaha wanaume walikaa mkekani kuzunguka masinia ya pilau. Jamaa mmoja aitwaye Dulla akaitoa simu yake na kuizungusha.

"Mwacheni Hamidu aitwe Hamidu! Kisarawe yote imo humu ndani."

"Imo," alisema Latifu, "ila akili haimo."

Watu wakacheka, wakasogea. Watoto wa shangazi na wa mjomba ni watani, na mtani akifungua mdomo shughulini, watu huacha kutafuna.

"Shujaa akifa anafufuka palepale na upanga wake mkononi. Sasa anaogopa nini?"

"Anamwogopa binamu yake!" Hamidu alijibu.

"Mzee wa kijiji anakutuma kuni tano. Ukimletea, anakutuma kumi. Huo ni mchezo au kibarua?"

"Kibarua!" alidakia Dulla. "Na chakula cha mchana hatupewi!"

"Ukizidi nguvu, fisi naye anazidi kiasi hichohicho. Basi ya nini kuhangaika?"

Hamidu alijifuta mikono, akawageukia watu. "Jamani, huyu ndiye fundi. Nilimpelekea simu haina sauti, ikarudi haina na picha."

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Latifu akalitoa lile alilolibeba tangu Kongowe: "Sheria nilizitunga mimi. Umechukua picha zako ukaziacha sheria, ndiyo maana mchezo wako ni maiti iliyopambwa."

"Mtani anadai mirathi!" Dulla alipiga kelele, na mtu mmoja akamrushia Latifu pande la nyama kama fungu lake. Ilimpasa acheke, maana mtani akinuna ameuvunja utani. Akacheka. Hamidu alikuwa akicheka mpaka ameshika mbavu, wala machoni pake hapakuwa na dalili kwamba amesikia neno hata moja.

Waliporudi nyumbani Kibaha, Faudhia, mke wa Latifu, alimwekea maji ya kunywa, akaketi.

"Baba Abeid, ukweli umeusemea kwenye utani. Ulitaka wakuelewe vipi?"

"Mchezo ni mbaya, Faudhia."

"Unaweza ukawa mbaya, na wewe ukawa na wivu. Havigombani."

"Mimi sikutaka jina wala kiti. Nilitaka aje aniulize tu: 'Latifu, hapa tunafanyaje?' Basi."

"Hilo umemwambia?"

Jumatatu asubuhi Latifu alimpigia simu Bi Sada, shangazi yake, mamake Hamidu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka uniwekee utani kando siku moja, kati yangu na Hamidu."

"Kuna nini? Ugomvi wa shamba?"

"Hapana, shangazi. Ni neno la mchezo."

Bi Sada alikuwa ameombwa mambo mengi katika umri wake, lakini hilo lilikuwa geni. "Mchezo, tena bila utani," alisema. "Haya. Nitamwambia asikucheke mpaka umalize."

Latifu alitumia siku mbili kuandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shuleni. Kurasa nne zilijaa makosa, kila kosa na mahali lilipo. Ukurasa wa tano aliandika dawa zake: namna jini atakavyodai haki yake, namna uongo utakavyomfuata mwenye kuusema kutoka mji hadi mji, namna ya kuufanya uhai wa shujaa uwe na thamani. Faudhia alizisoma zote tano, akamwambia ampe binamu yake zote. Latifu alisema atatazama.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Latifu alifika Mbwawa. Hamidu alimpokea mlangoni bila mzaha, kama alivyoagizwa na mamake, akamvutia kiti. Latifu alisema, "Nimekuonea wivu, na mchezo wako una makosa. Yote mawili ni kweli." Hamidu akazipokea karatasi, akazisoma moja baada ya nyingine mpaka mwisho, akashukuru, na akasema kwamba atawaonyesha wenzake. Hakumuuliza Latifu wafanyeje.

Latifu alingoja kidogo, kisha akaaga. Alikuwa amemkabidhi kurasa nne tu. Ule wa tano, wenye dawa, alirudi nao Kongowe, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefungua kibanda.