Nilimshinda Baba Drafti Jumapili Sita Mfululizo

Baba yangu hakuwahi kushindwa drafti na mtu yeyote mtaani kwetu. Miaka thelathini.

Mimi nilimshinda Jumapili sita mfululizo, huku macho yangu yakiwa kwenye simu.

Mwenye akili akisoma hiyo sentensi ya pili anajua hapo kuna jambo. Mimi sikujua. Ndiyo maana naandika hapa nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sina wa kumtupia.

Niwaweke sawa kwanza. Sisi ni mafundi kufuli. Tuna karakana nyembamba yenye meza ndefu, mashine mbili za kuchonga funguo, na ukuta mzima wa funguo ambazo hazijachongwa zikining'inia kwenye misumari. Tuko watatu tu: baba, mimi, na mdogo wangu wa kike. Huyo tunamwita Msumari, kwa sababu akishaingia kwenye jambo hatoki.

Mzee wangu ana mdomo. Anaweza kukusema mbele ya mteja mpaka mteja ndiye aone aibu.

"Huyu mkono wake una haraka kuliko jicho lake," anawaambia watu huku ananionyesha kwa bisibisi. "Huyu ni wa kuvunja milango, si wa kuifungua."

Nina miaka thelathini na miwili. Nasemwa hivyo kila wiki.

Karakana hiyo baba aliipata kwa babu, na babu alikuwa na sharti lake. Anayemshinda drafti Jumapili sita mfululizo anakabidhiwa ufunguo wa sanduku la vifaa. Mwenye ufunguo ndiye mkubwa wa karakana, anapanga kazi, anaamua nani afanye nini. Babu alisema kufuli na drafti ni kitu kimoja, usipokuwa makini na kinachotokea ndani hufungui kitu. Baba alimshinda babu, akachukua ufunguo, na sisi akatuwekea sharti lile lile.

Msumari alijaribu miaka miwili. Alichoambulia ni sare.

Mimi niliutaka ule ufunguo kuliko kitu chochote. Nilitaka siku moja nimwambie mzee, "Leo wewe utachonga funguo za makabati, mimi naenda kufungua sefu." Basi. Hiyo ndiyo ndoto yangu yote.

Sasa njoo kwenye gemu.

Mimi nacheza gemu la mtandaoni, lile la mashujaa, maelfu ya watu mko ndani kwa wakati mmoja na kila mtu ana kazi yake. Kuna wabeba ngao, kuna warusha mishale. Mimi ni mganga. Kazi ya mganga ni moja: kuangalia damu za wenzako zisiishe. Ukipepesa macho, mtu kafa.

Kikosi chetu kina watu thelathini, na kinaongozwa na jamaa ambaye sijawahi kumwona sura. Tunamjua kwa sauti tu, anaitwa Kamanda. Anatukana kuliko baba yangu, na hilo si jambo dogo.

Lakini mimi nilikuwa mtu wa mpangilio, msinione hivi. Nilikuwa na ratiba ukutani, nimeandika kwa kalamu za rangi. Jumanne na Alhamisi jioni, kikosi. Ijumaa, gemu la mpira na jirani yangu kwenye runinga yake. Jumamosi alasiri, vita kubwa ya kikosi. Jumapili saa tisa alasiri, drafti na mzee. Kila gemu lilikuwa na siku yake na hakuna lililomgusa mwenzake.

Halafu Kamanda akatuma ujumbe.

"Vita kubwa inahamia Jumapili saa tisa alasiri. Asiyekuwepo asirudi."

Nikamwandikia kwa adabu kabisa kwamba Jumapili nina udhuru. Akanijibu kwa sauti, watu wote thelathini wakisikia: "Mganga, waganga wako wengi. Kalee udhuru wako."

Nilikuwa na miaka minne kwenye kikosi kile. Miaka minne ya kukusanya mavazi na vyeo. Nikamtukana kimoyomoyo, nikasema sitaacha hiki wala kile. Ili nipunguze mzigo, jirani wa mpira nikamwambia Ijumaa tena basi, akakasirika, hatusalimiani mpaka leo. Nikadhani nimeshalipia.

Jumapili ya kwanza nikaweka simu juu ya paja, chini ya meza. Spika moja ya sikioni nikaitia sikio la upande wa ukuta.

Drafti yetu tunachezea vizibo vya soda. Vyangu vinalala chali, vyake kifudifudi. Kumi na viwili kwa kumi na viwili. Mzee anasogeza, nainua macho nusu, nasogeza chochote, narudi kwa wagonjwa wangu. Kamanda ananguruma sikioni, mzee anakohoa mbele yangu.

Mara nikasikia, "Umeshinda."

Nikatazama ubao. Kweli. Upande wake hakuna kitu.

Jamani, nilimcheka. Nilicheka kicheko cha miaka thelathini na miwili.

"Mzee, macho yamechoka," nikamwambia. "Nikutafutie miwani?"

"Haya," akasema. Akakusanya vizibo akavitia kwenye kopo.

Jumapili ya pili nikashinda. Ya tatu nikashinda. Nikaanza kutembea karakana nzima nikipiga mluzi. Mteja akija nasema, "Muulize bingwa." Mzee akinituma bisibisi namwambia ajizoeshe kuifuata mwenyewe, maana siku zinahesabika. Nilikuwa na dharau, sitaki kuficha. Alinidharau tangu nikiwa mtoto, nikaona zamu yangu imefika.

Yeye anasema "Haya" tu. Mtu mwenye mdomo kama ule akianza kusema "Haya" tu, mwenye akili angeshtuka.

Jumapili ya nne Msumari alituletea chai. Akasimama pale na sinia yake, kama dakika mbili hivi. Nilipomaliza kushinda na kwenda bombani kunawa, akanifuata.

"Kaka, baba anasogeza kete zako."

"Anasogeza nini?"

"Kete zako. Za chali. Amechukua yako, akaitumia kula yake mwenyewe. Mbele yako. Nimeona."

"Umeona vibaya."

"Mimi naona vibaya?" Akashika bomba akalifunga. "Kaka, mzee hayuko sawa. Mtu mzima hawezi kusahau kete zake ni zipi. Simamisha huu mchezo tumpeleke hospitali."

Hapa ndipo naomba msinihukumu haraka, ingawa mtanihukumu.

Nilimwamini. Palepale bombani nilijua hasemi uongo, Msumari hajui kusema uongo. Nikafikiria mzee ameanza kupoteza kumbukumbu. Niliogopa, nakiri.

Halafu mdomo wangu ukasema, "Zimebaki mbili."

"Zimebaki mbili nini?"

Nikafungua bomba, nikanawa.

Wiki ile hakunisemesha. Nami sikujali, nilijiambia hospitali ipo, haihami, wiki mbili si kitu. Na kama mzee hajui tena kete zake, basi hata kuangalia ubao hakuna haja. Jumapili ya tano nilikuwa natazama simu waziwazi, nimeitoa chini ya meza. Nikashinda.

Jumapili ya sita Kamanda alikuwa na vita ya mwisho ya msimu. Joka kubwa, kikosi kizima ndani, na mganga ni mimi peke yangu kwa sababu mwenzangu aliugua. Mzee amekaa mbele yangu, kavaa shati lake la mikono mirefu kama anakwenda mahali. Msumari yuko kwenye mashine, anachonga ufunguo.

Nilikuwa nabonyeza kama kichaa. Kila nikisikia kizibo kinagonga ubao, nasogeza changu bila kuangalia.

"Umeshinda," mzee akasema.

Nikasimama. Sikuinua hata macho kwanza, nilinyoosha mkono. "Ufunguo."

Akauvua shingoni, ufunguo wa shaba kwenye kamba nyeusi. Akaushika. Hakunipa.

"Hesabu kete zako," akasema.

"Za nini?"

"Hesabu."

Nikahesabu. Nikahesabu tena kwa kidole.

"Kumi na nne," nikasema.

"Ulianza na ngapi?"

Mashine ya Msumari ikazimwa.

Nilianza na kumi na mbili, kila mtu anaanza na kumi na mbili. Hakuna drafti duniani ambayo mtu anaanza na kumi na mbili akamaliza na kumi na nne.

"Mbili nimegeuza za kwangu zikawa chali," mzee akasema. "Mbele ya macho yako. Ulisogeza mojawapo."

Wakati huo nimeshasahau simu. Sikioni Kamanda anapiga kelele: "Mganga kafa au kalala? Wabeba ngao wameisha. Mtoeni huyu mbuzi." Ikalia ile sauti ndogo ya mtu kutolewa kikosini. Miaka minne, hata kwaheri hakuna.

Nikaing'oa ile spika sikioni. "Mzee umechanganyikiwa," nikasema. "Hujui hata unachofanya. Kesho nakupeleka hospitali."

Akanitazama kwa utulivu mkubwa.

"Jumapili ya kwanza nilisogeza kete yako mara tatu. Ya pili mara tano, moja niliirudisha nyuma ukaisogeza tena palepale. Ya tatu nilikula zangu nne kwa kete zako. Ya nne wakati chai inafika nilikula mbili. Ya tano ulisogeza mara nane tu, zilizobaki nilicheza mimi, pande zote mbili. Niendelee?"

"Kwa hiyo umenidanganya."

"Nimecheza peke yangu Jumapili sita. Nani mwingine alikuwepo mezani?"

Nikamgeukia Msumari. Nilihitaji mtu wa kumrarua. "Na wewe ulijua. Mmepanga, wewe na mzee, ili uuchukue."

"Nilimuuliza baba Jumatatu yake asubuhi," akasema. "Nilimuuliza nikiwa nalia. Akaniambia yuko mzima, nikae kimya nione. Hilo tu."

"Mmepanga."

Nilimwona akijizuia. Lakini nimeshawaambia kwa nini anaitwa Msumari.

"Nilikwambia bombani," akasema. "Nilikwambia mzee hayuko sawa, tumpeleke hospitali. Ukanijibu zimebaki mbili."

Mzee alikuwa bado ameshika ile kamba. Baadaye Msumari aliniambia alichokuwa amepanga: angenitukana vya kutosha, angechukua simu yangu, halafu angeniambia tuanze upya, Jumapili ya kwanza. Shati lile alilivaa kwa ajili hiyo. Ufunguo ulikuwa bado haujaenda kwa mtu.

"Ulidhani naumwa," akasema.

Nikaangalia vizibo mezani.

"Ukaendelea kucheza."

Ningetamani anitukane. Nimezoea kutukanwa naye, najua pa kujificha. Hakutukana. Alizunguka meza taratibu, akamvisha Msumari ile kamba shingoni, akatoka nje akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Sasa hivi nachonga funguo za makabati. Sefu zinafunguliwa na mdogo wangu, na akinituma bisibisi naifuata. Nina hasira naye. Nina hasira na mzee, mtego gani ule wa kumtega mtoto wako mwenyewe. Kamanda ndiyo usiseme. Ila nikilala ninayemkasirikia zaidi ni yule mtu wa bombani.

Jumapili bado tunacheza. Simu inafungiwa kwenye sanduku la vifaa, ufunguo uko shingoni kwa Msumari. Mzee ananichapa vibaya sana, dakika ishirini nimekwisha, na mdomo wake umerudi wote.

Jumapili iliyopita katikati ya mchezo niliona mkono wake unateleza taratibu kuelekea upande wangu. Kidole kikagusa kizibo cha chali.

Nikamshika mkono.

"Mzee, hicho changu."

Akaniangalia. Nilidhani angalau atatabasamu.

"Umechelewa," akasema. Akautoa mkono wake, akashika kete yake ya halali, akanila mbili.

Sasa nyie wenye ratiba za rangi ukutani, mimi sisemi muache magemu. Chezeni. Saa unaweza kuzigawa unavyotaka, Jumanne hili, Ijumaa lile. Macho hayagawanyiki. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na mimi zimeniponyoka zote.

Na ukijikuta unashinda ovyo ovyo, tena kwa urahisi, kabla hujamcheka mtu hesabu kete zako. Halafu muulize aliyekaa mbele yako kama ni mzima.