Mita Kumi za Mkaguzi Lokosang

Celestino Lokosang hakuwa mtu wa kupokea hata kikombe cha chai kutoka kwa mtu anayejenga. Mwaka 1974, miaka miwili baada ya kurudi kutoka uhamishoni Uganda, alikuwa mkaguzi wa majengo ya biashara mjini Juba. Kila asubuhi alionekana kwenye barabara ya kwenda soko la Konyo Konyo, futi kamba mkononi, shati limepigwa pasi. Sheria zake zilijulikana: duka liwe na baraza la wazi ili mpita njia apate kivuli, nguzo ziwe za matofali ya kuchoma, na ukuta wa mbele usimame mita kumi kutoka barabarani. Watu walimwogopa, naye akadhani kuogopwa ndiko kuheshimiwa.

Lakini alikuwa na jambo alilolificha. Kanuni za mji zilikuwa zimeandikwa kwa Kiarabu, naye alisomea Kiingereza ng'ambo ya mpaka. Siku alipoajiriwa alikabidhiwa kijitabu, akaulizwa kama amekielewa, akaitikia kwa kichwa. Habari ya mita kumi aliisikia kwa wenzake. Zinaanzia wapi, hakuuliza. Kule Uganda alikuwa akiwashikia wapimaji mnyororo wa kupimia ardhi, na wao walianzia ukingoni mwa mtaro. Basi naye akaanzia ukingoni mwa mtaro.

Ndivyo alivyofika kwa Natalina, mjane wa mtaa wa Juba Na Bari, aliyefyatua na kuchoma matofali yake mwenyewe kwa kiangazi kizima. Duka lilikuwa limebakiza mlango tu.

"Mita sita," alisema Lokosang. "Zimepungua nne."

"Ustaz, aliyekutangulia ndiye aliyenipigia vigingi hapa."

"Alikosea."

"Basi nisomee palipoandikwa."

Wachuuzi walikuwa wamekwisha kusogea kusikiliza. Lokosang angeweza kusema, mama, ngoja nikaulize. Badala yake alifungua kijitabu, akapitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, akatamka, "Mita kumi kutoka mtaroni. Na wewe mama umeiba barabara ya watu."

Fundi Loro, aliyekuwa juu ya ngazi, akachungulia chini. "Ameiba ipi, ustaz? Mbona mimi naiona bado iko hapo?"

Watu wakacheka, isipokuwa mkaguzi. Alitoa wiki mbili za kubomoa. Baraza likabomolewa, na ukuta wa mbele, na nusu ya chumba. Natalina akawa anauza chumvi na sabuni chini ya turubai, na jina likamganda: Mama Barabara. Hata kanisani wanawake walijivuta kwenye benchi alipokuja kukaa, wakisema wanamwachia njia yake.

Miezi mitatu ikapita. Ofisini akaletwa karani mpya, Severino, aliyesoma kwa Kiarabu Khartoum. Siku moja mfanyabiashara alileta malalamiko, na Severino akafungua kijitabu kile kile, akasoma, kisha akafasiri kwa sauti: mita kumi kutoka katikati ya barabara.

Lokosang aliuliza kama amesoma vizuri. Severino akarudia, polepole, kama anavyosomewa mtoto.

Mchana ule Lokosang alikwenda peke yake na futi kamba. Alama ya ukuta uliobomolewa ilikuwa bado ardhini. Kutoka katikati ya barabara: mita kumi na nusu. Mama wa watu alikuwa hata amezidisha. Lokosang alichutama pale akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Huyu aliuficha ujinga wake, ukazaa kifusi mlangoni kwa mtu mwingine.

Ijumaa alimweleza mkubwa wake. Akaambiwa asubiri barua, naye alijua barua hiyo itakuwa ya kumwachisha kazi. Kutoka hapo akaenda kwa Natalina.

"Mama, nilikosea. Kijitabu sikuweza kukisoma."

Natalina aliendelea kupima chumvi. "Nilijua. Mwenye duka la nguo pale jirani husoma maandishi hayo kutoka kulia; wewe kidole ulikianzisha kushoto. Mimi sikusoma, lakini macho ninayo."

"Mbona hukusema?"

"Nani angemsikiliza mjane mbele ya mwenye kitabu?"

"Ruhusa yako ya kujenga pale pale imerudi. Nitakuandikia na barua ya kukuomba radhi."

"Nikaisomewe na nani? Mwizi uliniita kwa mdomo, ustaz. Nisafishe kwa mdomo. Kesho, watu wakijaa."

Jumamosi alisimama kando ya mtaro. Alikuwa amepanga maneno mengi; yaliyotoka yalikuwa machache. "Mama huyu nilimwita mwizi wa barabara. Hakuiba hata unyayo. Sikujua kusoma kanuni, nikasema najua."

"Sauti, ustaz, huku nyuma hatusikii," mtu akasema. Ikabidi arudie yote, na mara ya pili yalikuwa machungu kuliko ya kwanza.

Natalina hakumshukuru. Aligeuka akamwambia Loro aanze kupanga matofali.

Lokosang alidhani yamekwisha. Ndipo Ladu, muuza mikeka wa upande wa pili, akauliza bila hasira, "Na nguzo zangu je, ulizoning'olea?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Aibu ya kumdhulumu Natalina ilikuwa imemjaa hadi akawasahau wengine.

"Na zako," alisema.

"Na za nani tena?"

Mkaguzi akainamisha kichwa, akaanza kuwataja mmoja mmoja wote aliowabomolea.