Mtihani wa Dawa

Sisi watu wa Kampala hatuendi kwenye mtihani mikono mitupu. Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja ya Kibuli, mgongo ukiniuma, na mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani alikuwamo askari polisi wa kike na binti yake, ambaye siku hizi anameza dawa ya kumsaidia kutulia darasani. Daktari alitaka kujua kama inafaa, kwa hiyo alimpima kumbukumbu kwa maswali yale yale aliyompa kabla hajaanza dawa.

"Rudia nambari nitakazosoma," alisema. "Saba, mbili..."

"Tisa, nne, moja!" mtoto akamalizia.

Daktari akavua miwani. "Dawa hii kali. Anasikia hata nisichosema."

"Tumefanya mazoezi, daktari," mama akasema kwa fahari. "Maswali ya siku ile niliyashika yote."

"Afande, leo simpimi mtoto. Naipima dawa."

Mama akavua kofia, akaizungushazungusha mapajani. "Niliogopa akifeli utamwongezea vidonge. Hata sasa chakula cha mchana anakiangalia tu."

"Mbona hilo la chakula hukuniambia?"

"Halikuwa kwenye mtihani."

Daktari akayasukuma maswali yake kando, akavuta kiti karibu. Ndivyo tulivyo: tunakariri majibu yote, kisha lile moja linalotafutwa tunarudi nalo nyumbani, kwa sababu hakuna aliyeliuliza.