Picha ya Msiba ya Mzee Fabiani

Mzee Fabiani wa Kasense hakuogopa kufa. Alichoogopa ni picha watakayoiweka juu ya jeneza lake. Kaka yake Basil alipofariki, watoto walipekua nyumba nzima wakakosa picha ya maana, wakaenda kukuza ile ya kadi ya kupigia kura. Basil akazikwa akiwa amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa jirani. Waombolezaji walipita wakiuma midomo wasicheke.

Tangu siku hiyo Fabiani hakuwa na raha, maana yeye na kamera hawakupatana kamwe. Kwenye picha ya harusi alikuwa anapiga chafya. Ukaonekana uso wa mkewe, Redempta, na kiganja cha bwana harusi. Kwenye jubilei ya parokia alifunikwa na bendera. Simu za wajukuu ndiyo usiseme: kila akiambiwa atabasamu, anageuka kuuliza kwa nini. Mtu amelima ulezi na mahindi maisha yake yote, amesomesha watoto, ameongoza rozari ya jumuiya mpaka sauti ikakauka, halafu hana sura! Ni haki hiyo?

Basi Zita, binti wa hapo hapo Kasense aliyekuwa akipiga picha mjini Sumbawanga, akaja nyumbani na sanduku la mbao lenye miguu mitatu na hema dogo jeusi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetuletea mzinga wa nyuki?"

"Kamera, babu. Ya kizamani."

Zita akawaeleza wazee waliokuja kushangaa. Enzi za mababu, huko Ulaya na Amerika, wapiga picha walifuata majeshi wakiwa na masanduku kama lile na vioo vilivyopakwa dawa. Lakini sanduku lilikuwa zito la kuona. Mtu akikimbia na bunduki yake, kioo hakimnasi, anapotea kama moshi. Kwa hiyo mapigano yenyewe hayakupigwa picha. Walisubiri uwanja utulie, wakawapiga picha waliotulia kuliko wote, yaani wafu. Na wapo waliobeba maiti wakamlaza penye mwanga mzuri zaidi, wakamwekea na bunduki pembeni, akapendeza. Vita vilivyopita Ufipa zamani hakuna aliyevipiga picha namna ile, na Zita alitaka kutengeneza moja kwa ajili ya maonyesho mjini.

Wazee walisikitika, wakatikisa vichwa. Fabiani yeye alisikia jambo moja tu.

"Kwa hiyo maiti ndiye anayeonekana vizuri?"

"Kuliko wote, babu."

"Basi mimi niweke kwenye maiti."

Maneno hayakai ndani. Kesho yake asubuhi Kasense nzima ilitaka kufa. Zita alibembeleza apate japo askari wachache wa kusimama, hakumpata hata mmoja. Kila mtu amevaa shati la Jumapili, anatafuta mahali pa kuangukia. Aliyekubali kuwa jeshi la adui ni Masalu peke yake, mfugaji aliyehamia kutoka Usukuma, na hilo ni kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wanakula majani karibu na hakutaka kuwapa mgongo.

"Yaani mimi mmoja nimewaua watu wote hawa?" Masalu akauliza, ameegemea fimbo yake.

"Kwani ajabu?" Fabiani akamjibu kutoka chini. "Mahindi yangu uliyamaliza na ng'ombe watatu tu."

Wakalala katikati ya matuta, kwenye mabua yaliyobaki shambani. Ilikuwa Julai, na upepo wa Ufipa wa Julai hauna adabu. Marehemu mmoja alikohoa, mwingine simu yake ikaita akaipokea, akasema yuko kazini. Fabiani alilala chali, kidevu juu, amefumba macho kwa utulivu kama alivyofanya mazoezi usiku kucha kitandani.

Ilibaki nani wa kuhesabu muda Zita akishafungua jicho la sanduku. Katekista Wilibrodi, aliyekuja kuangalia kama hakuna ushirikina, akajitolea.

"Inachukua muda gani?"

"Kama Salamu Maria moja, taratibu," Zita akasema. Hapo ndipo alipokosea, na yeye mtoto wa jumuiya!

Wilibrodi akaanza, "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe…" Alipofika kwenye "amebarikiwa", uwanja mzima wa wafu ukaitikia kwa sauti moja, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina." Wengine waliinua mikono wakafanya ishara ya msalaba.

"Mmeshakufa!" Zita akapiga kelele. "Mnaombea saa gani tena?"

Kioo kilipotoka hemani, Masalu alionekana mpaka vifungo vya koti. Chini yake walilala watu wasio na midomo. Fabiani alikitazama kwa uchungu, kwa kuwa aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa yeye.

Kikabaki kioo kimoja tu. Fabiani akarudi kulala, akaapa moyoni kwamba safari hii hata Wilibrodi amalize rozari nzima, yeye haitikii. Wilibrodi akaanza. Akafika "amebarikiwa", akanyamaza kidogo kwa mazoea. Kimya. Fabiani aliibana sala kooni kama mtu aliyemeza ugali wa moto.

Wakati huo Redempta alikuwa anaingia shambani na ndoo ya togwa, awape marehemu kifungua kinywa. Maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kusikia Salamu Maria ikasaliwa bila mumewe kuitikia. Akamwona chini, kidevu juu. Ndoo ikaanguka.

Fabiani alisikia miguu ikija mbio, akaijua. Alimsikia akiliita jina lake. Kisha akakamatwa miguu, akatikiswa, na kilio alichosikia hakuwahi kukisikia, hata siku ya Basil. Kilimkata maini. Angesema neno moja tu, nipo, yangekwisha. Lakini uso! Akalala vile vile, machozi yakimjaa ndani ya kope, mpaka Wilibrodi akajiitikia mwenyewe "Amina".

"Nipo, mama," akasema, akainuka.

Redempta akamtandika kofi lililosikika hadi kwa ng'ombe.

Picha ilitoka safi. Kila kunyanzi la Fabiani lilikuwa mahali pake. Miguu tu ndiyo haikuonekana, imefunikwa na ukungu mweupe. Akaipeleka kwa mkewe, akamwambia imepatikana ile ya jeneza.

"Hiyo sitaiweka," Redempta akasema. "Hiyo nimeshaililia. Ukifa kweli tafuta nyingine."

Kwa hiyo hadi leo Fabiani hana picha ya msiba, na hatafuti. Ile imetundikwa sebuleni. Mgeni akisifia uso, yeye humshika mkono akamsogeza karibu, akamwonyesha ule ukungu miguuni.

"Huyu ni mke wangu."

"Mbona haonekani, mzee?"

"Ataonekanaje? Alikuwa anakimbia kuja kwangu."